Uzito na Uchungu: Maneno ya Mimba Katika Kiswahili cha Kigoma na Ujiji

Kiswahili kilienea Ujiji kwa misafara ya pwani katika karne ya 19, kikakaa pamoja na Kiha. Katika Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, inda ni tumbo na pia ni mimba. Hali yatajwa kwa jina la kiungo, bila sifa. Kiswahili cha zahanati zetu kimechagua mjamzito. Neno hili lina adabu kuliko mwenye mimba, nalo limependwa kwa sababu hiyo. Walakini yafaa kulichungua. Mja ni mtu. Mzito ni mwenye uzani, lakini pia ni mtu wa polepole, au asiyefahamu upesi. Mwanamke aliyekwisha kuona haya kwa umbo lake jipya aitwa kwa jina la uzito huo huo. Himila, neno lenye asili moja na kuhimili, lamtaja kwa kazi aifanyayo. Nalo ladumu zaidi katika vitabu.

Kuhusu moyo wake, twasikia: “Mimba imekataa migebuka,” au, “Mimba imemkataa mumewe.” Usemi huu una hekima, kwa kuwa wamwondolea mwanamke lawama. Hata hivyo, mtendaji katika sentensi ni mimba; mwenye kuhisi ametoweka. Huzuni yake ikizidi, jamaa husema ni mimba tu, itapita.

Akitaka kujisemea mwenyewe, hukutana na neno uchungu. Naona uchungu ni majonzi. Nimeshikwa na uchungu ni dalili ya kujifungua. Lakini nina uchungu yaweza kuwa yote mawili, na katika mwezi wa tisa msikilizaji hukimbilia maana ya pili. Mkunga atapima njia ya uzazi, na majonzi yatabaki bila kuulizwa.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wanawake wapatao 16 katika kila 100 wenye mimba hupata maradhi ya nafsi, hasa sonona. Wafasiri wa maswali ya kliniki wasitosheke na afya ya akili, maana kwa wengi akili ikitajwa hufikiriwa wazimu. Waulize wazi: “Wewe mwenyewe, moyo wako u hali gani? Wauonaje mwili wako?”

Kati ya mwaka 2016 na 2018, baadhi ya vituo vya afya vya Mkoa wa Kigoma vilijaribu kumruhusu mzazi kukaa na mtu wake wa karibu wakati wa kujifungua. Mama au dada aliyezoea usemi wake aweza kutambua ni uchungu upi unaosemwa. Basi msikilizaji wa namna hiyo atafutwe mapema, tangu mahudhurio ya kwanza ya kliniki.