Tipasa Baada ya Mvua

Sentensi moja ya Albert Camus, ile ya kiangazi kilichomo moyoni, imegeuzwa mtandaoni kuwa dawa ya kila huzuni. Wanaoisambaza hawasemi kwamba inatoka katika safari ya Desemba, baada ya siku kadhaa za mvua jijini Algiers.

Nilizisoma kwa mfululizo insha zake mbili kuhusu Tipasa, mji mdogo wa pwani magharibi ya Algiers. Ya kwanza, katika kitabu cha 1938, ni jua, bahari na magofu ya Kirumi; nzuri, ila inajipenda mno. Ya pili, katika kitabu cha 1954, ndiyo ninayoirudia. Anakumbuka alivyorejea baada ya vita akakuta magofu yamezungushiwa seng'enge. Kisha anakwenda tena, msimu wa baridi, na safari hii hasherehekei, anasikiliza tu. Utulivu ule unanishawishi kuliko shangwe zote za awali.

Lakini anamsikiliza nani? Kiangazi kikiisha wageni huondoka, wenyeji hubaki. Camus kazaliwa Algeria, si mtalii. Hata hivyo, anasikia ndege na bahari, nami simsikii Mwarabu hata mmoja. Novemba mwaka huohuo wa 1954, vita vya uhuru vilianza.