"Kambi", "Sumu" na "Ukorofi": Uhakiki wa Istilahi za Mashindano ya Mtandaoni

Miongoni mwa dhana ambazo wafasiri na walimu hutakiwa kuzipatia maneno ya Kiswahili siku hizi ni zile za michezo ya mtandaoni ya wachezaji wengi. Michezo hiyo huwagawa wachezaji katika pande zinazoshindana, na ushindani huo mara nyingi huzaa maneno makali. Kwa pande hizo tumeona wafasiri wakiandika "kabila", "ukoo" na hata "faksheni". Kwa maneno makali wameandika "sumu", na wachezaji wenyewe wakaitwa "jamii yenye sumu". Katika makala haya tunakusudia kuzipima istilahi hizo kwa kigezo kimoja: je, zinamsaidia msomaji kutambua nani ametenda nini?

Mfano wa kupimia tunao karibu. Katika nchi ya Wasukuma, kusini mwa Ziwa Victoria, wacheza ngoma wamegawanyika tangu zamani katika pande mbili, Bagika na Bagalu, ambao kwa Kiswahili huandikwa Wagika na Wagalu. Inasimuliwa kwamba pande hizo zilianzishwa na mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, waliobishania ubingwa. Baada ya mavuno, vikundi vya pande hizo hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Huko Bujora, karibu na Kisesa, mashindano ya namna hii yamekuwa sehemu ya sikukuu ya Bulabo. Humo yamo majigambo, nyimbo za kumkejeli mpinzani, na dawa za kuvuta umati. Tuhuma za kurogana nazo hazikosekani.

Yafaa tuzingatie mambo mawili. Kwanza, Ugika na Ugalu si kabila wala ukoo, kwani mahasimu wa uwanjani wote ni Wasukuma. Pili, chini ya kila upande viko vikundi vingi, kila kimoja na kiongozi wake. Ngazi hizo mbili zinaonekana pia katika michezo ya mtandaoni. Mchezo wa World of Warcraft, uliotolewa na Blizzard mwaka 2004, una pande mbili, Alliance na Horde, na ndani ya kila upande wachezaji huunda vyama vyao. Mchezo huo uliyavuruga maandishi ya upande mmoja ili upande wa pili usiyaelewe, na ni mwaka 2022 ndipo wachezaji wa pande zote mbili walipoanza kuruhusiwa kuunda kikosi kimoja. Neno "horde" lenyewe lina asili ya Kituruki, na huko lilitaja kambi ya jeshi.

Kwa hiyo tunaona kuwa "kambi" linafaa kwa mgawanyiko mkubwa, na "chama" kwa mdogo. Mtu huingia kambini na aweza kutoka. Bungeni neno hilo limezoeleka katika "kambi ya upinzani", yaani watu wasioafikiana lakini waketio katika ukumbi mmoja. "Kabila" hatuna budi kulikataa, maana linamfundisha kijana kwamba mpinzani wake wa mchezo ni mtu wa damu nyingine.

Neno "sumu" lina kasoro kubwa zaidi. Mkazi wa Mwanza analijua kwa maana yake halisi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa kuwa baadhi ya wavuvi walitumia sumu ya kuulia wadudu kuvulia. Ilibidi kuwatafuta waliohusika, maana sumu haijimwagi. Lakini tukisema "jamii yenye sumu", mmwagaji hatajwi, na lawama inawaangukia wote waliomo, hata yule aliyetukanwa. Aidha, neno hilo halizai vitenzi wala majina ya watendaji kwa wepesi.

Tunapendekeza "ukorofi". Neno hili ni la zamani, linaeleweka mjini na kijijini, na lina uzao kamili: mkorofi, ukorofi, kukorofisha, kukorofishana. Mkorofi ni mtu mmoja anayeweza kuonywa au kutolewa mchezoni. Tena ukorofi hauna kambi. Katika michezo ya vikosi, maneno makali mara nyingi humwangukia mwenzi wa upande uleule anayedhaniwa kuwa ndiye aliyesababisha kushindwa.

Hata hivyo, "ukorofi" lisitumike kufunika kila kitu. Lugha yetu inapambanua utani, kejeli, tusi na kitisho. Mashabiki wa Simba na Yanga huitwa "watani wa jadi", na mtani hashtakiwi kwa utani. Mwimbaji wa Kigalu humkejeli Mgika mbele ya umati unaomjua, na siku ya pili atajibiwa. Mtandaoni mtukanaji aweza kujificha nyuma ya jina la kubuni, wala hakuna jioni ya kufunga uwanja. Kwa sababu hiyo mipaka ya maneno inahitajika huko zaidi kuliko Bujora.

Jambo hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutuma ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua mtu. Mwaka 2021 sheria zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Hivyo mtumishi atakayeandika taarifa, au mwalimu atakayemwonya mwanafunzi, anahitaji kujua kama lililotendeka ni kejeli au kitisho. Akiyaita yote "sumu", ataweza kumwadhibu mwenye mzaha na kumwachia aliyetishia kuua.

Basi twapendekeza: "kambi" kwa upande, "chama" kwa kikundi cha ndani yake, "ukorofi" kwa mwenendo kwa jumla, na kila kosa liandikwe kwa jina lake. Tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa kandokando ya Ziwa, watuletee maneno wanayoyasikia kwa vijana wao, ili tuyapime kabla ya kuyasanifisha.