Neno "mabadiliko" lilikuwa la nani? Kasoro za kuhesabu maneno ya kampeni

Uchaguzi ukikaribia, picha hizi huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Bila shaka umeshaziona: maneno yamerundikana kama wingu, mengine makubwa, mengine madogo, upande huu rangi za chama kimoja, upande ule rangi za mpinzani wake. Chini yake mtu ameandika kwamba "utafiti umeonyesha" chama fulani kinajali ajira na kingine kinajali madaraka tu. Basi hapo ubishi unaanza, na hakuna anayeuliza hayo maneno yalihesabiwaje.

Leo tuulize. Sina ugomvi na kuhesabu maneno, ndiyo fani yangu. Ninachokikosoa ni ile tabia ya kuchukua mbinu iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, kuimwagia hotuba za Kiswahili, halafu kuamini chochote kitakachotoka. Mfano wangu ni kampeni ya urais Tanzania mwaka 2015, kati ya John Magufuli wa CCM na Edward Lowassa, aliyesimama kwa tiketi ya CHADEMA akiungwa mkono na vyama vya UKAWA. Nimeichagua kwa sababu moja: pande hizi mbili hazikugawana maneno, ziligombea maneno yaleyale.

Kwanza, kazi iliyofanywa vizuri

Tuwe waungwana, tuanze na mfano mzuri. Mwaka 2012 vyama vikubwa vya Marekani vilifanya mikutano mikuu ya uteuzi, Republican mjini Tampa na Democratic mjini Charlotte. Gazeti la New York Times likaweka mtandaoni mchoro uliotengenezwa na Mike Bostock na wenzake. Kila neno lilikuwa kiputo. Kiputo kimegawanywa rangi mbili, buluu na nyekundu, kulingana na kila chama kilivyolitumia neno hilo.

Mchoro ule ulikuwa na mambo mawili ambayo mawingu yetu ya WhatsApp hayana. La kwanza, hesabu ilitolewa kwa kila maneno 25,000, siyo kwa jumla. Kwa nini ni muhimu? Chukua mfano wa kubuni. Chama A kimezungumza maneno 100,000 na kutaja "kazi" mara 300. Chama B kimezungumza maneno 20,000 na kutaja "kazi" mara 100. Ukitazama jumla, A kimeshinda mara tatu. Ukigawa kwa kila maneno 25,000, A kina 75 na B kina 125. Mshindi amebadilika! Kwa 2015 hili si jambo dogo, maana Lowassa alijulikana kwa hotuba fupi jukwaani huku Magufuli akizungumza kwa kirefu. Ukihesabu jumla tupu, unapima nani aliongea sana.

La pili, ukibonyeza kiputo ulisoma sentensi zenyewe ambamo neno lilitumika. Yaani mchoro ulikuruhusu uukague. Wingu la maneno halikuruhusu kitu. Unalitazama, unakubali au unakasirika.

Kuna na mtego wa tatu, ambao wanasayansi wa siasa Burt Monroe, Michael Colaresi na Kevin Quinn waliueleza vizuri mwaka 2008. Ukitafuta maneno yanayotofautisha vyama kwa kutoa idadi moja kutoka nyingine, juu kabisa utapata maneno yasiyo na siasa yoyote. Kwa Kiswahili ni "na", "ya", "wa", "kwa", kwa vile yako mengi mno kiasi kwamba tofauti ndogo tu inaonekana kubwa. Ukigawanya badala ya kutoa, juu kabisa utapata maneno adimu: jina la kijiji lililotajwa mara mbili na huyu, na halikutajwa kabisa na yule. Njia waliyopendekeza inapima tofauti pamoja na uhakika wa tofauti hiyo, ili neno lililosemwa mara mbili lisijifanye kubwa. Ukiona mchoro usiosema ulitumia njia gani, tia shaka.

Hadi hapo, kasoro zote zinatibika kwa hesabu nzuri zaidi. Zinazofuata zinatokana na Kiswahili chenyewe.

"Kazi" inabaki nzima, "kujenga" inasambaratika

Programu nyingi za kuhesabu huamua neno ni nini kwa kutazama nafasi kati ya herufi. Kwa Kiingereza inakwenda vizuri kiasi, maana kitenzi chao hubadilika kidogo tu. Sasa tazama kitenzi chetu kimoja mdomoni mwa mgombea: nitajenga, tutajenga, tutawajengea, mtajengewa, itajengwa, zitajengwa, hawakujenga, zilizojengwa. Wewe unasikia jambo moja, ujenzi. Programu inaona maneno manane tofauti, kila moja limetokea mara moja, na kila moja litaandikwa kwa herufi ndogo pembeni ya wingu.

Linganisha na "kazi". Umoja kazi, wingi kazi. Haibadiliki, kwa hiyo kila inapotajwa inaongezeka kwenye fungu lilelile. Juu ya hapo, "Hapa Kazi Tu" ilikuwa kaulimbiu ya CCM, ikirudiwa mwanzo wa hotuba, katikati na mwisho. Ndiyo maana mbinu hii, bila mtu yeyote kukusudia, inapendelea nomino kuliko vitenzi, na kaulimbiu kuliko ahadi. Mgombea anayetaja "kazi" mara hamsini ataonekana wa vitendo kuliko anayeeleza kwa vitenzi hamsini atafanya nini hasa. Ukifikiria, hilo ni kinyume cha tunachotaka kujua.

Kuna dawa ya haraka ya kupunguza kelele za kaulimbiu: hesabu ni katika mikutano mingapi neno limejitokeza, usihesabu limetokea mara ngapi. Neno lililorudiwa mara mia kwenye mkutano mmoja litahesabiwa moja. Na kabla ya yote, amua kama "hoyee" za wananchi zimo kwenye maandishi yako au ni maneno ya mgombea peke yake.

Utasema, si tukate viambishi tubakize mzizi? Inawezekana. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kazi ya kuifundisha kompyuta kuchambua maneno ya Kiswahili tangu miaka ya 1980, na mfumo wake wa SALAMA unafanya hivyo. Ila kukata nako kuna gharama. "Fisadi", "mafisadi", "ufisadi" na "kifisadi" ni mzizi mmoja. Lakini anayesema "ufisadi" anataja ugonjwa, na anayesema "mafisadi" anataja watu, karibu kuwanyooshea kidole. Ukiyaunganisha umepoteza tofauti hiyo. Ukiyaacha, umelipunguza jambo moja vipande vinne. Hakuna jibu sahihi kwa kila swali, bali kuna wajibu wa kusema umechagua lipi.

Nani atajenga?

Wachambuzi wa Kiingereza wana orodha ya maneno wanayoyatupa kabla ya kuhesabu, kama "mimi", "sisi" na "wao" kwa lugha yao, wakiona hayana maana. Mwanasaikolojia James Pennebaker ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba maneno hayo madogo yanasema mengi kuhusu mzungumzaji.

Kwetu hali ni ngumu zaidi: nafsi imefichwa ndani ya kitenzi. Tofauti ya "nitajenga" na "tutajenga" ni herufi chache tu, lakini ni tofauti ya mtu mmoja na chama kizima. Magufuli alizoea kusema "serikali ya Magufuli", akiweka jina lake mbele kuliko la chama chake. Ukitaka kupima tabia hiyo kwa Kiswahili, huwezi kuhesabu neno "mimi" peke yake. Lazima ukusanye ni- zote zilizojificha ndani ya vitenzi.

Halafu kuna "mtajengewa" na "zitajengwa". Ni ahadi tamu, shule zitajengwa, barabara mtajengewa. Aliyepotea humo ni mtendaji: atajenga nani, kwa fedha ya nani? Ukikata viambishi na kubakiza "-jeng-", umefuta kabisa swali ambalo mpiga kura angepaswa kuuliza. Ukanushi nao unakwenda na maji. "Tutavumilia" na "hatutavumilia" vyote vinaishia "-vumili-", vinaingia fungu moja kama ndugu.

Binafsi ningeamini zaidi mchoro mmoja mkavu unaolinganisha nita-, tuta- na vitenzi vya kutendwa vya wagombea wawili kuliko mawingu kumi ya rangi.

Neno moja, wenyewe wawili

Sasa turudi kwenye swali la kichwa cha habari. Neno la UKAWA 2015 lilikuwa "mabadiliko". Wafuasi waliliimba pamoja na jina la mgombea wao, wakizungusha mikono kama kocha anayeomba kubadili mchezaji. Wingu lolote lingelipaka rangi ya upinzani.

Lakini asili yake si rahisi hivyo. Lowassa mwenyewe, akitoka CCM Julai 2015, aliegemea kauli maarufu ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1995, kwamba Watanzania wanataka mabadiliko na wasipoyapata ndani ya CCM watayatafuta nje. Kauli hiyo ilitoka kwa mwasisi wa CCM. Na CCM hawakukubali kuliacha neno: Magufuli naye alijinadi kwamba mabadiliko ya kweli ni yeye. Hata herufi M4C, ambazo CHADEMA ilizitumia kwa vuguvugu lake la mabadiliko, upande wa CCM zilisomwa upya, M ikawa ya Magufuli. Kiputo cha rangi mbili kingekuambia pande zote zimelitumia neno. Kisingekuambia kwamba upande mmoja ulimaanisha kubadili chama tawala na mwingine kubadili uendeshaji bila kubadili chama. Na hicho ndicho kilichokuwa kikipigiwa kura.

"Elimu bure" ni hivyohivyo. CCM iliahidi elimu bila malipo hadi kidato cha nne, UKAWA ikaahidi hadi chuo kikuu. Mwanafunzi wa chuo mwenye deni la mkopo anaijua tofauti hiyo vizuri, lakini kwa mhesabu wa maneno ni sare.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo hesabu inaweza kuliona jambo kabla ya sikio, nako ni kwenye ukimya. Chukua neno "ufisadi". Septemba 2007, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma hadharani pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, orodha ya viongozi aliowatuhumu, na jina la Lowassa lilikuwamo. Lowassa alikana tuhuma za ufisadi, ingawa Februari 2008 alijiuzulu uwaziri mkuu katika sakata la Richmond. Miaka saba baadaye yeye ndiye mgombea wa CHADEMA, Slaa amejitenga na chama, na Magufuli anaahidi mahakama maalumu ya mafisadi. Silaha kubwa ya upinzani ikawa ngumu kushikwa na wapinzani wenyewe. Msikilizaji wa kawaida hagundui haraka neno ambalo halijasemwa. Ukiweka hesabu za 2010 na 2015 sambamba, pengo kama hilo linaweza kujitokeza. Sababu ya pengo utaipata kwenye historia, wala si kwenye jedwali.

Tume ilitangaza Magufuli amepata asilimia 58.46 na Lowassa 39.97. Usije ukatafuta kwenye wingu la maneno sababu ya takwimu hizo. Maneno ya jukwaani yanaonyesha mgombea alitaka asikikeje. Hayaonyeshi kilichoingia kichwani mwa aliyesimama juani kumsikiliza.

Ukikutana na mchoro unaofuata

Kabla hujausambaza, uliza mambo manne. Je, hesabu ni kwa kila maneno mangapi, au ni jumla tu? "Neno" ni nini humo: kila kilichoandikwa peke yake, au mzizi? Kaulimbiu na vibwagizo vya umati vimeondolewa? Je, naweza kusoma sentensi zenyewe? Mchoro ukishindwa yote manne, huo ni pambo, hata ukiwa na nembo ya chuo.

Na kwa wenzangu mnaoandika tasnifu kuhusu hotuba: chukueni aya moja ya mgombea mnayempenda na moja ya msiyempenda. Kwa kalamu, bila kompyuta, pigeni mstari chini ya kila nita-, kila tuta- na kila kitenzi cha kutendwa. Dakika kumi zinatosha. Mkimaliza mtakuwa na swali la utafiti, na hapo ndipo muwashe programu.