Uthabiti na Usadifu: Hoja juu ya Istilahi Mbili za Upimaji

Katika maandishi ya saikolojia na elimu, sifa mbili za kipimo hutajwa pamoja: kwamba chatoa matokeo yale yale kila kirudiwapo, na kwamba chapima hasa kile kilichokusudiwa. Sifa ya kwanza huitwa uthabiti au uaminifu. Ya pili huitwa uhalali. Twaona kwamba uthabiti wafaa, kwani uaminifu ni tabia ya mtu, si ya dodoso. Lakini uhalali humpoteza msomaji.

Mkulima wa Mkongo, Rufiji, aijua tofauti yenyewe bila ya kufundishwa. Debe lililobonyea kitako, hata likijazwa mara kumi, hutoa mpunga kiasi kile kile, ni thabiti. Hata hivyo halitimii, na mnunuzi hupunjika kila mara. Lakini mkulima huyo akiambiwa kwamba kipimo "si halali", atafikiri juu ya mhuri wa serikali au juu ya haramu.

Jambo hili si la maneno matupu. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Dar es Salaam miongoni mwa waja wazito wenye virusi vya UKIMWI. Waliichunguza orodha ya dalili ya Hopkins, iliyotungwa Marekani, ili kujua kama yabainisha kweli sonona kwa wanawake hao.

Swali hilo lamhusu mfasiri pia. Tuseme sentensi ya Kiingereza iulizayo juu ya huzuni imefasiriwa neno kwa neno: "Je, una moyo mzito?" Wako watakaoelewa kwamba waulizwa juu ya kusitasita kutenda jambo. Waulizwe leo, waulizwe wiki ijayo, watajibu vile vile. Uthabiti upo, ila huzuni haikupimwa. Na mgonjwa atarudi nyumbani bila ya tiba.

Kwa hiyo twapendekeza usadifu, kutokana na kitenzi kusadifu, yaani kuafikiana na jambo lilivyo. Yupo atakayepinga kwamba neno hili lakumbusha sadfa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini maana ya kuafikiana imo katika kitenzi chenyewe, na mwalimu aweza kuieleza kwa mfano mmoja. Usahihi haufai, kwa kuwa tayari watumika kwa maana nyingine katika hesabu na vipimo.

Uhalali na uachiwe ndoa, mikataba na hati. Dodoso laweza kuwa na vibali vyote, na bado lisisadifu.