Mitumba Yarudishwa Kwao
Mtumba, kwa asili, ni mzigo uliofungwa. Leo sote twamaanisha nguo kuukuu za ng'ambo. Mwaka 2022 mbunifu Bobby Kolade wa Kampala, kwa alama ya BUZIGAHILL, alianza kuzinunua nguo hizo sokoni Owino, kuzifumua, kuziunga upya, na kuwauzia tena watu wa huko zilikotoka. Mkusanyo aliuita Return to Sender, yaani arudishiwe aliyeleta. Kejeli hiyo imenikonga moyo: fulana ya vipande vya rangi mbalimbali haifichi mshono wake. Hata hivyo, bei yake si ya mwalimu, na jina lenyewe lamsemesha mgeni kwa lugha yake. Mafundi cherehani wa Owino wamekuwa wakiipunguza na kuigeuza mitumba miaka mingi, wala kazi yao haijapewa jina.