Wachongaji wa Protini

Nyamarambe na Tabaka zote ziko Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii, na kwa wenyeji wa huko uchongaji wa mawe ya sabuni si ajabu. Fundi hupokea bonge lisilo na sura. Panga hulipunguza, patasi na kisu huingia ndani zaidi, kisha msasa na maji humalizia. Kiboko hutokeza pale ambapo palikuwa na jiwe tupu.

Mafundi wa protini nao huchonga, ila bonge lao limo ndani ya kompyuta. Programu ya RFdiffusion, iliyotoka mwaka 2023 katika maabara ya David Baker, Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, huanza na wingu la nukta zilizotawanyika ovyo, ikalisafisha hatua kwa hatua mpaka umbo lionekane. Programu nyingine, ProteinMPNN, hutafuta mpangilio wa asidi amino (vijenzi vya protini) utakaojikunja kufuata umbo hilo. Hatimaye bakteria hupewa jeni yenye mpangilio huo, nao huitengeneza protini yenyewe.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Asidi amino za kawaida ni 20 tu, lakini mnyororo wa asidi 100 unaweza kupangwa kwa njia nyingi kupita idadi ya atomu zote za ulimwengu unaoonekana. Viumbe hai vimegusa sehemu ndogo mno ya uwezekano huo.

Mwaka 2003, Brian Kuhlman, Baker na wenzao walitangaza Top7, protini ya asidi amino 93 yenye umbo ambalo halikuwa limeonekana katika kiumbe chochote. Ilijikunja karibu sawasawa na mchoro wao. Kwa kazi hii ya kubuni protini, mwaka 2024 Baker alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Hata hivyo, ustadi hupimwa kwa manufaa yake. Kila mwaka kuumwa na nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wengi wao wakiwa watu wa mashambani. Dawa ya sasa hupatikana katika damu ya farasi waliochanjwa sumu. Lakini baadhi ya sumu za swila na koboko ni ndogo sana, na mwili wa farasi hauzitambui vizuri.

Januari 2025, Susana Vázquez Torres na wenzake walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyobuni protini ndogo, zinazostahimili joto, za kuzishika sumu hizo. Panya waliopewa sumu ya neva ya kuua, kisha wakapewa protini hizo, wengi walipona.

Binadamu bado hajatibiwa kwa dawa hiyo. Kwa sasa, anayeumwa na nyoka asichanje jeraha wala kulifunga kamba. Atulizwe, na apelekwe hospitali upesi.