Mwanzo na Mwisho wa Chaji

Chukua chaji mbili chanya za mikrokoulombi moja moja, zikiwa umbali wa sentimita 10. Moja imeshikiliwa, nyingine, ya gramu 1, inaachiwa. Ikishafika mbali kabisa itakuwa na kasi gani? Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyekulia Nyarubungo, Biharamulo, kama wenzake nchi nzima, hukimbilia kanuni ya Coulomb ya mwaka 1785: kani ni hii, mchapuko ni huu. Kisha anakwama. Chaji ikisogea kidogo tu kani imeshapungua, na hesabu inaanza upya.

Fundi hapiti huko. Anauliza mwanzoni kulikuwa na nini, na mwishoni kuna nini. Mwanzoni mwendo hakuna, ila ipo nishati tuli ya jouli 0.09. Mwishoni yote imegeuka nishati ya mwendo: kasi ni mita 13.4 kwa sekunde. Mistari mitatu ya chaki.

Maporomoko ya Rusumo kule Ngara, yenye mtambo wa megawati 80 unaogawiwa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, huhesabiwa vivyo hivyo: kimo maji yalikotoka, kimo yalikofika. Ila maji hupoteza kiasi kwa msuguano. Chaji zilizo katika utupu ni aminifu zaidi.

Ustadi hasa huonekana chaji kama zile zikiwa tatu, kwenye pembe za pembetatu yenye pande sawa za sentimita 10. Wengi huipa kila chaji fungu lake, wakajumlisha, jibu likatoka maradufu. Nishati tuli haina mwenyewe mmoja. Ni ya jozi. Hapa jozi ni tatu, basi jouli 0.27. Achia chaji moja tu: inaondoka na 0.18, na 0.09 inabaki kwa zile mbili.

Ninachokipenda zaidi ni alichofanya mwanafizikia Rutherford mwaka 1911. Chembe ya alfa ya elektronivolti milioni 5 inaielekea moja kwa moja atomu ya dhahabu, madini yale yale ya Biharamulo. Pale inaposimama kabla ya kurudi, mwendo wote umekuwa nishati tuli. Sawazisha pande mbili, unapata umbali wake hadi kiini cha atomu: mita 4.55 × 10⁻¹⁴. Kiini hakiwezi kuwa kikubwa kuliko hapo, na kikomo hicho kikajulikana bila mtu kukiona kiini chenyewe!

Lakini usiiulize njia hii ya mwanzo na mwisho chembe ilitumia muda gani kufika pale. Kwa swali hilo haina jibu. Mrudie Coulomb, na uandae karatasi nyingi.